Mkono au Kichwa? Istilahi za Mchezo wa Mkakati Uliohamishiwa kwenye Mashine ya Wii

Utangulizi

Chimbuko la makala haya ni swali lililoulizwa jioni moja katika mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, mkoani Ituri. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa ameazimwa na jamaa yake mashine ya michezo ya video aina ya Wii, iliyokwisha kutumika Ulaya kabla ya kufika huko, na kwa kuwa siku hiyo umeme ulikuwapo aliwakaribisha wenzake waje kucheza. Mwenye nyumba ni mzee ambaye ujana wake aliupitisha ng'ambo ya Ziwa Albert, na huko Uganda alizoea kucheza omweso. Alivuta kiti akaketi nyuma ya vijana. Mbele ya televisheni alisimama kijana mwenye rimoti nyeupe mkononi. Kila alikoielekeza, viumbe vidogo vya rangi nyekundu na buluu vilikimbilia huko kioni, vikabeba mzigo, vikarudi. Mzee alitazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Hatimaye akauliza:

"Sasa, mutoto yangu, mukono njo inaceza, ao kichwa?"

"Byote mbili, baba," kijana akajibu, macho yasibanduke kwenye kioo.

Jibu hilo halikumridhisha mzee, wala sisi tuliosimuliwa baadaye halikuturidhisha. Hata hivyo tusingalilifikiria zaidi kama kijana huyo asingalituletea, majuma machache baadaye, insha ya somo la utungaji iliyokusudiwa kuueleza mchezo ule kwa Kiswahili sanifu, au "Kiswahili bora" kama wasemavyo wenyeji wa mashariki ya Kongo. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hivi: "Wii ni mashine ya michezo yenye udhibiti wa mwendo." Mwalimu mwenzetu kutoka Nairobi aliposomewa sentensi hiyo alidhani inazungumzia matatu.

Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Mwezi wa Februari 2004, kanuni za usafiri zilizohusishwa na waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa nchini Kenya, magari ya abiria yalilazimika kufungwa kifaa cha kuyazuia yasizidi kilomita 80 kwa saa, na kifaa hicho kikajulikana kote kwa jina la kidhibiti mwendo. Kudhibiti mwendo ni kuuzuia, kuuwekea mpaka. Mashine ya Wii haizuii mwendo wa mtu yeyote. Kinyume chake, mwendo wa mtu ndio unaoiendesha mashine. Istilahi iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza imegeuza maana juu chini: kilichokuwa chombo kimekuwa kitu kinachotendwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo halitokani na upungufu wa msamiati. Limetokana na kutoangalia mkono unafanya nini hasa katika mchezo, na Kiswahili kina mahali ambapo jambo hilo limekwisha kuangaliwa kwa makini sana, yaani katika lugha ya bao.

Rimoti inavyotambua mkono

Inafaa kwanza tueleze chombo chenyewe, kwani istilahi nyingi mbovu huzaliwa na watu wanaokipa jina kitu wasichokijua. Wii ilitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwezi wa Novemba 2006, ikianzia Marekani, na hadi uundaji wake ulipokoma zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 100. Kabla yake, mashine nyingi za aina hiyo zilichezwa kwa kifaa cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe na vijiti vya kusukuma kwa gumba. Katika nchi zilizosomeshwa kwa Kifaransa kinaitwa maneti, na Afrika ya Mashariki wengi husema pedi. Wii ilileta rimoti ya mkono mmoja, ikiambatana na kijalizo cha mkono wa pili chenye kijiti chake.

Rimoti hiyo hutambua mkono kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na hapa ndipo penye jambo letu. Njia ya kwanza ni kipima mchapuko kilichomo ndani yake. Hicho huhisi rimoti inaporushwa, inapotikiswa au inapoinamishwa upande, katika mielekeo mitatu. Hakijui rimoti iko wapi chumbani. Kinachojua ni kwamba imesukumwa, kwa nguvu gani na upande gani. Mwaka 2009 kiliongezewa jairoskopu ili mzunguko wa kifundo cha mkono upimwe kwa usahihi zaidi.

Njia ya pili ni kamera ndogo iliyo kwenye ncha ya rimoti, inayoona mionzi ya infraredi tu. Juu au chini ya televisheni huwekwa kipande kirefu chembamba chenye vijitaa vya infraredi katika ncha zake mbili. Watu wengi hudhani kipande hicho ndicho kinachoitazama rimoti, kumbe ndiyo inayokitazama. Chenyewe hakipeleki habari yoyote. Kazi yake ni kuwaka tu. Rimoti huona nukta mbili za mwanga, na kwa jinsi nukta hizo zinavyokaa ndani ya picha yake hukokotoa inaelekezwa sehemu gani ya kioo. Ndiyo maana aliyepoteza kipande hicho anaweza kuweka mishumaa miwili mahali pake na mchezo ukaendelea, maana mwali wa mshumaa nao hutoa infraredi. (Wasomaji wa Bunia watacheka hapa: mishumaa ipo tayari, ila inapowashwa huwa televisheni yenyewe imezimika.)

Kiingereza kimezikusanya njia hizi mbili chini ya jina moja la mwendo. Kiswahili hakina sababu ya kufuata mkumbo huo, kwa sababu kimekwisha kuzitenganisha kwa vitenzi. Anayeirusha rimoti kama upanga au raketi anaipunga. Anayeielekeza kwenye kioo analenga. Mtu anayelenga vizuri huutuliza mkono, anayepunga huuachia. Kuviita vitendo hivi viwili "mwendo" ni sawa na kuwaita mpiga manati na mpiga ngoma kwa jina moja kwa kuwa wote wawili wana mikono.

Michezo miwili ya mkakati

Mchezo wa mkakati ni ule ambao ushindi wake hutegemea kupanga mbele kuliko wepesi wa vidole. Michezo ya namna hii ndiyo iliyotatizwa zaidi na ujio wa Wii. Mchezo wa tenisi ulijua mara moja la kufanya na rimoti. Je, mchezo wa kufikiri nao uipunge? Watungaji wa mifululizo iliyokwisha kuwa na umri mrefu waliamua kwa njia mbalimbali, na mifano miwili yatosha kutuonyesha ncha mbili za uamuzi huo.

Mfululizo wa Fire Emblem ulianza Japani mwaka 1990, ukitungwa na Shouzou Kaga katika kampuni ya Intelligent Systems. Uwanja wake umegawanywa katika miraba kama sataranji, na wachezaji huenda kwa zamu: upande mmoja huwasogeza watu wake wote, kisha upande wa pili. Tangu toleo la mwaka 1996 umekuwa na kanuni ya silaha tatu zinazozungukana, yaani upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, na mkuki hushinda upanga. Sifa yake iliyovuma kuliko zote ni kwamba mtu akifa vitani haonekani tena hadi mwisho wa hadithi. Toleo lake la Wii, Radiant Dawn, lilitoka Japani mwezi wa Februari 2007 na Marekani mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba toleo hilo halikutumia kupunga wala kulenga. Mchezaji aliweza kuilaza rimoti kwa ubavu na kubonyeza vitufe, kama walivyofanya wachezaji wa mwaka 1990. Watu waliotazamia kuona mapinduzi walilalamika. Kwa maoni yetu watungaji walikuwa na busara. Katika mchezo wa aina hii uamuzi hukamilika kichwani. Mkono ni tarishi anayepeleka barua iliyokwisha kufungwa. Kumvalisha tarishi viatu vya kuchezea ngoma hakubadilishi kilichoandikwa katika barua.

Mfano wa pili ndio uliokuwa ukichezwa Mudzipela. Pikmin ulitolewa mwaka 2001 kwa mashine ya GameCube, iliyoitangulia Wii, chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto, naye ameeleza mara kadhaa kwamba bustani ndiyo iliyompa wazo lake. Nahodha mdogo anayeitwa Olimar ameangukia sayari ngeni na chombo chake kimevunjika vipande 30. Ana siku 30 tu za kuvikusanya. Yeye mwenyewe hana nguvu. Nguvu yake ni viumbe wanaomea ardhini kama miche, ambao huwang'oa, huwaongoza na kuwarusha penye kazi. Wekundu hawadhuriki kwa moto, wa buluu hawazami majini, wa manjano hurushwa juu zaidi. Uwanjani hawawezi kuzidi 100 kwa wakati mmoja. Hakuna zamu: jua linasogea, na watakaoachwa nje usiku huliwa. Mfululizo huo uliendelea mwaka 2004, 2013 na 2023.

Kwenye GameCube, kijiti kimoja kilimsogeza Olimar na alama ya kulengea kwa pamoja, hivi kwamba hakuweza kutazama kushoto huku akitembea kulia. Toleo la kwanza lilipohamishiwa kwenye Wii, Japani mwishoni mwa Desemba 2008 na Ulaya na Marekani mapema 2009, mambo hayo mawili yalitenganishwa: mkono wa kushoto unamtembeza nahodha kwa kijiti, mkono wa kulia unalenga kwa rimoti. Hadithi haikubadilishwa, wala vipande 30, wala siku 30. Lakini mchezo ukawa mwingine. Mtu anaweza kurudi nyuma huku akiwatupa viumbe wake mbele, au kuwagawa makundi mawili kabla adui hajageuka. Mpango ambao zamani ulikuwa mzuri lakini mkono ukashindwa kuufikia sasa unatekelezeka, na kwa kuwa unatekelezeka, kichwa kinaanza kuufikiria. Hapo mkono si tarishi tena. Unakizidishia kichwa mambo ya kuchagua.

Kwa hiyo swali la mzee lina majibu mawili tofauti kwa michezo miwili inayowekwa katika rafu moja na kuitwa kwa jina moja. Jibu la "vyote viwili" lilikuwa sahihi kwa mchezo uliokuwa kioni jioni ile, ingawa kijana hakueleza kwa nini.

Bao linasemaje

Tunaingia sasa katika uwanja ambao Kiswahili ni mwenyeji. Michezo ya jamii ya bao imeenea kotekote tunakokuzungumzia: omweso Uganda, igisoro Rwanda, kisolo kwa Waluba, na michezo mingine mingi ya Kongo, Rwanda na Burundi ambayo Philip Townshend aliikusanya katika utafiti wake uliochapishwa Brussels mwaka 1977. Bao la Kiswahili, lile la mwambao na Zanzibar, ndilo lenye kanuni nzito zaidi tunazozijua, na pia ndilo lenye msamiati uliokomaa zaidi. Alexander de Voogt aliwatungia mabingwa wake tasnifu nzima, iliyotoka Leiden mwaka 1995.

Ubao una safu nne za mashimo manane, na kete, ambazo kwa kawaida ni mbegu za komwe, ni 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Mchezo huanza kete chache zikiwa ubaoni: sita katika shimo la mraba liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Nyingine 22 za kila upande hubaki akibani na huingizwa mojamoja, kila zamu moja. Awamu hii ni ya kunamua. Akiba ikiisha huanza awamu ya mtaji. Mchezaji hula kete za mwenziwe zilizo mkabala na shimo lake katika safu ya mbele, lakini hazitoi ubaoni: huzichukua akazipanda upande wake mwenyewe, akianzia katika shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Shimo hilo la pembeni huitwa kichwa. Kete ya mwisho ikianguka mahali pa kula, hula tena. Ikianguka katika shimo lenye kete zake mwenyewe asipoweza kula, huziokota zote na kuendelea. Ikianguka katika shimo tupu, hulala, na zamu imekwisha. Anayemaliziwa kete zote za safu ya mbele ameshindwa, na hali hiyo huitwa hamna. Akishindwa wakati kete za akiba hazijaisha kuingizwa, husemwa amefungwa mkononi.

Tazama basi jinsi lugha hii ilivyogawa mambo. Kichwa ni mahali ubaoni ambapo mkono huanzia kupanda. Kukichagua kichwa cha kushoto au cha kulia ni uamuzi, na mara nyingi ndio uamuzi mkubwa wa zamu nzima. Mkononi ni hali ya mchezo. Kulala, kula na kusafiri ni vitendo vya kete wala si vya mchezaji: kete imelala, nyumba imesafiri. Mkono unapopanda kete kumi na mbili kuzunguka safu, hautoi amri kwa kila moja. Unatekeleza kanuni, kama maji yanavyofuata mfereji.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo mkono husimama hewani. Katika awamu ya kunamua, mchezaji aliyeanza zamu yake kwa kula anapopanda na kete ya mwisho ikadondokea katika nyumba yake ambayo bado haijaguswa, ikiwa mkabala wake hakuna cha kula, ana hiari. Anaweza kuiacha nyumba ilale na hazina yake ibaki salama. Au anaweza kuisafirisha, akaokota vyote na kuendelea mbele, pengine akavuna, pengine akatawanya mali yake yote kwa faida ya adui. Aliyewahi kukaa barazani anajua sekunde ile. Uamuzi huo haukufanywa kabla mkono haujaanza. Umefanywa mkono ukiwa safarini, kwa sababu safari yenyewe, yenye zamu mbili tatu za kula na kuendelea, ilikuwa ndefu kiasi kwamba ni bingwa tu aliyeona mwisho wake tangu mwanzo. Mwanagenzi hufika nyumbani na kushangaa kuwa amefika.

Hapo bao limesimama katikati ya Fire Emblem na Pikmin. Sehemu kubwa ya mwendo wa mkono ni utekelezaji tu. Sehemu ndogo, tena iliyo hatari, ni fikra inayotukia mkononi. Programu nyingi za bao zilizotengenezwa kwa kompyuta na simu huondoa tofauti hiyo. Mtu hugusa shimo, na kete hujipanda zenyewe. Kwa mtaalamu wa akili bandia hilo si hasara: Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walipoandika mwaka 2002 juu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao, kilichowashughulisha ni wingi wa njia zinazowezekana na urefu wa mizunguko, na kompyuta haina mkono wa kusimamisha hewani. Kwa mchezaji ni hasara kubwa. Wii iliurudishia mkono mchezo wa mkakati uliokuwa umeuminya katika magumba mawili. Simu imeunyang'anya bao mkono uliokuwa nao tangu zamani. Tunastaajabu kwamba watu walewale huyaita mambo haya mawili "maendeleo" pasipo kuyalinganisha.

Majina tunayoyapendekeza

Turudi kwenye insha ya kijana wa Mudzipela. Ni wazi kwamba udhibiti wa mwendo hauwezi kusimama. Kidhibiti mwendo kimekwisha kuchukuliwa na magari, na hata kama kisingalichukuliwa, kiima na yambwa vingekuwa vimebadilishana nafasi. Kwa kifaa kilichomo ndani ya rimoti, kihisi mwendo kinafaa, kwa kuwa kweli kinahisi mwendo. Kwa namna ya kucheza, tunapendekeza istilahi zitokane na vitenzi viwili tulivyovitaja: mchezo wa kupunga na mchezo wa kulenga. Mchezo mmoja waweza kuwa na vyote viwili, au usiwe na hata kimoja kama ile Radiant Dawn, nao ukabaki kuwa mchezo wa vitufe ingawa umewekwa ndani ya Wii. Jina litokane na linalofanywa na mkono, lisitokane na tangazo la biashara.

Alama inayosogea kioni kufuata ncha ya rimoti inahitaji jina lake. Wanafunzi huiita mshale, hata pale ambapo umbo lake ni duara. Tunaona kilengeo kingefaa, kwa kufuata kanuni iliyotupa kiegemeo kutokana na kuegemea: kulenga, kulengea, kilengeo. Umbo hili lina manufaa ya pekee kwa Bunia. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wameonyesha, katika makala yao ya mwaka 2020 kuhusu Kiswahili cha Bunia, kwamba msemaji wa mji huo hasemi lahaja moja tu. Huteremka na kupanda kati ya usemi wa mtaani na usemi ulio karibu na sanifu kufuatana na anayezungumza naye na anavyotaka kujulikana. Neno lenye kiambishi ki- husafiri vizuri katika ngazi hizo. Darasani litakuwa kilengeo na vilengeo. Mtaani litakuwa na wingi wa bilengeo, kama bintu, na hakuna atakayepotea njia. Istilahi ndefu ya maneno matatu yaliyounganishwa kwa "ya" na "wa" haifiki mbali hivyo. Upatanisho wake huanza kuanguka njiani, na mwishowe mtu hurudi kwenye neno la Kifaransa. Hata swali la mzee tulilolinukuu linaonyesha jambo hilo: mkono na kichwa, ngeli mbili tofauti, vimepewa kitenzi kimoja, "inaceza", na swali likawa wazi kabisa.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko mengine. Wale wanaosogezwa katika mchezo wa mkakati tuwaiteje? Kijana aliandika askari kila mahali, hata kwa viumbe wa Pikmin ambao kazi yao kubwa ni kubeba mizigo. Tulimwuliza sababu. Alisema kwamba kamusi aliyoitumia imetoa neno hilo, na kwamba mchezo wa mkakati ni mchezo wa vita. Katika mji mwingine tungaliliacha lipite. Bunia ni mji uliopiganiwa mtaa kwa mtaa. Mwaka 2003 kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoitwa Artemis kilikaa humo kuanzia Juni hadi Septemba ili kuyazuia mapigano. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, ilihusu kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi la wanamgambo huko Ituri, miaka ya 2002 na 2003. Wapo wasomi wa rika fulani, katika madarasa yetu, ambao neno askari na neno mtoto yaliwahi kukutana katika nyumba zao. Hatusemi neno hilo lipigwe marufuku. Radiant Dawn ni mchezo wa vita, nao watu wake ni askari, wakifa wamekufa. Tunachosema ni kwamba lisiwe jina la jumla linalotumiwa bila kufikiri.

Kiswahili kina jina la jumla, nalo ni kete. Hutumika katika bao, katika dama na katika sataranji, na halimlazimishi mtu kusema kama kinachosogezwa ni askari, mfalme au mbegu. Kwa Pikmin linakaa vizuri kupita kiasi: viumbe wale humea ardhini, hung'olewa kama miche, na mzoga wa adui ukibebwa hadi kwenye chombo chao hugeuka kuwa mbegu mpya. Mchezaji wa bao haitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kete iliyoliwa haifi. Hupandwa upande wa pili ikaanza kumfanyia kazi aliyeila, na hesabu ya 64 haipungui hadi mwisho. Katika Fire Emblem aliyeanguka ameondoka. Hizi ni falsafa mbili za kushindwa, na neno askari likitawala yote mawili, mwanafunzi hataiona tofauti ambayo lugha yake mwenyewe ilikwisha kumwekea wazi.

Kijana aliandika insha yake upya. Sentensi ya kwanza sasa ilisomeka hivi: "Pikmin ni mchezo wa mkakati wa kulenga, mkono mmoja huongoza, mkono wa pili huchagua." Tulimshauri aipeleke kwa mzee kabla ya kuirudisha kwetu, naye akafanya hivyo, akamsomea na kumfasiria kwa Kiswahili cha nyumbani. Mzee aliikubali mpaka ilipofika aya iliyoeleza nyumba ya bao na hiari ya kuilaza au kuisafirisha. Hapo akamkatiza. Omweso una mashimo 32 na kete 64 kama bao, lakini hauna shimo la namna hiyo, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu akisimamisha mkono hewani na kuruhusiwa kuchagua kulaza au kusafirisha. Akataka aonyeshwe. Ubao haukuwapo, kwa hiyo walichimba mashimo uani, wakaokota vijiwe, na lile la tano kutoka kushoto wakalichonga pembe nne.